Aliyebaki Kutafsiri

Mwezi uliopita Odette alirudi Bukavu kumzika mama yake, na mimi nilikwenda kwenye kilio kama watu wote. Kutokwenda kwenye kilio cha mtu uliyekaa naye benchi moja shuleni, hapa kwetu, ni kujitangaza adui, na sikutaka kumpa mtu raha ya kunisema. Nikafunga kitambaa cheusi, nikapanda hadi kwao Muhumba. Nikakuta turubai limefungwa uani, viti vya plastiki vimejaa, wamama wanatwanga sombe, majani ya muhogo, nyuma ya nyumba, na Odette mwenyewe amekaa katikati ya mashangazi zake, amenenepa vizuri, miwani machoni, mikono laini ya mtu anayevaa glavu kazini. Aliponiona akasimama. "Simi!" akaita. Hakuna anayeniita hivyo tena. Jina langu ni Nsimire. Kisha, mbele ya waombolezaji wote, akanisalimu kwa Kimalayalam, lugha ya Wahindi wa Kerala: "Sukhamaano?" Maana yake ni u mzima? Watu wakashangaa, wakacheka jinsi watu wanavyocheka kilioni wakipata sababu. Nikamjibu kwa Kiswahili: "Niko." Akanishika mikono yote miwili, akawageukia mashangazi. "Huyu njo alinifundishaka ile luga mbele niende India," akawaambia. "Bila yeye singefika. Tulisaidiana sana!"

Tulisaidiana. Nimelibeba neno hilo kutoka Muhumba hadi nyumbani kwangu Nyalukemba, na mpaka leo halijashuka tumboni. Nimekula nalo, nimesali nalo, nimelipeleka hata sokoni. Kusaidiana ni kazi ya watu wawili. Mimi nilimsaidia, ndiyo, hilo sikatai. Yeye alinisaidia nini? Nauliza tu. Mume wangu ananiambia, "Achana na ile mambo, maman, imekuwa siku mingi," lakini mume wangu ni mtu wa moyo mzuri ambaye hajawahi kunyang'anywa kitu alichokwisha kukishika. Na watoto wangu, ambao hucheka nikitamka maneno ya Kiingereza, hawajui hata kidogo Kiingereza kile nilikipata wapi na kwa bei gani. Basi niwaeleze. Mwaka ule Odette alipokwenda India, nilikuwa niende mimi.

Tulikuwa tumetoka kupata diploma ya serikali, ile ya kumaliza sekondari, mimi na Odette, shule moja, darasa moja, siku moja, tukapakwa unga kichwani na ndugu zetu na kutembezwa mjini tukiimba kama wendawazimu. Vita vilikuwa vimepungua mjini ingawa vijijini watu walikuwa bado wanakimbia. Hapo Muhumba, kwenye nyumba yenye bustani inayoteremka kuelekea ziwani, walikuwa wamefika watawa kutoka Kerala. Sisi watawa wa kike tunawaita masera. Walifungua dispansari ndogo, na shida yao ilikuwa moja: mgonjwa alisema Kimashi au Kiswahili, na wao kwa wao walisema Kimalayalam. Kiingereza walikijua. Kifaransa walikuwa wamejifunza miezi michache, na kiliishia kwenye bonjour na asubuhi na jioni umeze kidonge. Waliuliza parokiani kama kuna msichana anayejua Kiingereza kidogo. Mimi nilikuwa napenda Kiingereza tangu shuleni. Nikapelekwa, na siku hiyohiyo wakanikalisha kwenye kiti kati ya Masera Lissy na mgonjwa.

Sijui kama mtu ambaye hajafanya kazi hiyo anaweza kuielewa. Mama wa Bushi, vijijini kwetu, anaingia, anakaa, anashika kiuno. Hakuambii "naumwa hapa." Anakuuliza kwanza habari za kwenu, anakuambia mvua ilivyoharibu maharagwe, halafu anasema, "Mwanangu, kuna kitu kinanitembelea mwilini. Kinatoka mugongoni, kinapita mu bega, kisha kinalala." Sasa hicho kitu utakisema vipi kwa Kiingereza? Mwanzoni nilikuwa nasema kuna mdudu, na Masera Lissy anaandika dawa ya minyoo. Baadaye nikajifunza kumwuliza mama kitu hicho kinatembea akiwa ameinama shambani au akiwa amelala, kinachoma au kinauma, na ndipo nikawa natafsiri. Masera Lissy alikuwa mrefu, mwembamba, na mcheshi. Alikuwa akinisubiri bila haraka, kalamu imesimama. Nikipata neno lenyewe alikuwa anapiga meza. "Correct, mole!" Mole, kwa kwao, ni jinsi mama anavyomwita binti yake. Jina langu lilimshinda kulianza, hiyo N iliyotangulia S, akalikata likawa Simi. Alisema kwao Kerala kila mtaa una Simi wake. Nilifurahi, wee! Nilijiona nimekwisha kuandikwa miongoni mwao.

Ahadi ilitolewa mezani. Mkuu wao, Mère Rosamma, mama mfupi mzito asiyecheka ovyo, aliniambia kwamba shirika lao lina shule ya uuguzi huko Kerala, na kwamba wamekubaliwa kupeleka msichana mmoja kutoka Bukavu, asome mpaka amalize. Masomo yenyewe ni kwa Kiingereza, lakini wagonjwa wodini husema Kimalayalam tu. "Ukizijua zote mbili," akasema, "utakwenda wewe." Masera Lissy akanifinya paja chini ya meza. Nilirudi nyumbani nikitembea peke yangu barabarani na kucheka peke yangu. Kwa msichana wa Bukavu wa wakati ule, ambaye wenzake walikuwa wanaolewa kwa wachimba dhahabu wa Shabunda kwa sababu hakuna kitu kingine cha kufanya, uuguzi wa India ulikuwa mbingu yenye paspoti.

Basi nikaingia kazini. Dispansari ikifungwa mchana nilikwenda jikoni kwao, na jikoni ndiko nilikosomea. Ilikuwa chumba chenye moshi na baridi ya ziwa, dirisha moja, meza ya mbao iliyopakwa manjano na mikono yao. Masera Lissy alipenda kupika. Sambaza, dagaa zetu za ziwani, alizipaka bizari na pilipili, akazikaanga hadi zikalia mdomoni kama bisikuti. Ndizi zetu alizikata nyembambanyembamba akazitia kwenye mafuta. Jioni walikula uji wa wali wenye maji mengi, wanauita kanji, pamoja na achari kali iliyotoka kwao kwenye chupa. Nazi haikuwapo Bukavu, na Masera Lissy aliisema nazi jinsi mjane anavyomsema marehemu. Mimi nilipewa bakuli langu na kiti changu, na kila nilichoshika alinitajia. Vellam, maji. Choru, wali. Mathi, inatosha. Kila anapomwaga kitu na kukasirika: saaramilla, si neno, achana nayo. Kuna vitu vya lugha ile vilivyonijia kama vya nyumbani. Ng' ya ng'ombe wanayo, ny ya nyama wanayo; neno lao la "mimi" huanza na sauti ya ny yetu kabisa. Lakini kuna sauti moja iliyonitoa jasho, ya neno lao la mvua, na Bukavu mvua ni ya kila siku kwa hiyo sikuwa na pa kujificha. Ulimi unakunjwa nyuma, haugusi kitu, unatoa kitu kati ya R na Y. Nilifanya mazoezi nikifua, nikiota moto, nikienda kisimani. Watoto wa jirani walidhani nimepagawa. Siku nilipoitoa sawasawa, Mère Rosamma, ambaye nilisema hacheki, aliweka kijiko chini akacheka.

Kiingereza nacho nilikipata kutoka vinywani mwao, kikiwa na viungo vyao. Temperature ilikuwa temberecha. Simply ilikuwa simbli. Mgonjwa anayetapika anafanya womiting. Shuleni mwalimu wetu alikuwa ametufundisha kupitia puani, kwa Kifaransa. Mimi nikayatupa yale yote nikashika ya masera, maana ndiyo yatakayonisaidia wodini. Wanangu, hiyo ndiyo temberecha mnayoicheka. Miaka baadaye, kwenye ofisi moja ya misaada, kijana mmoja wa Ulaya aliniuliza kwa upole kama nimewahi kuishi India. Nikamwambia hapana. Nikaenda chooni nikalia.

Sasa nifike kwa Odette. Kuna kitu ambacho mtu asiye wa huku hawezi kukijua: sisi safari hatuitangazi. Mtu anapata visa, ananyamaza. Anauza kitanda, ananyamaza. Jumamosi umekula naye harusini, Jumatatu unasikia yuko Brussels. Si uongo, ni kujilinda. Wenye wivu wanafunga njia ya mtu, karatasi inapotea, ugonjwa unaingia, mzee fulani analala vibaya na wewe huamki. Mama yangu aliniambia, "Usiseme ata kwa padri," na mimi nilikuwa binti mtiifu. Mtaani walijua natafsiri kwa masera, basi. Lakini moyo wa msichana una pampu yake. Lazima umwage mahali. Nikamwambia Odette. Yeye tu. Tulikuwa tumelala kitanda kimoja kwa wiki nzima wakati risasi zilipolia mjini, tumegawana kanga, tumegawana hata siri za hedhi. Nikamwambia na nikamwapisha. Akanikumbatia. "Nsimire wangu anaenda! Ukienda, nitabaki na nani wa kunichekesha?"

Mimi mwenyewe ndiye niliyempeleka kwa masera. Aliimba vizuri kwaya, nikasema awasaidie kwenye misa ya kanisa lao dogo. Wakampenda, Odette alikuwa mtu wa kupendwa, mwenye shavu la kucheka. Akaanza kuja kwangu jioni kabla ya chakula, anakaa kwenye mkeka, anamenya viazi pamoja nami. "Nifundishe kidogo," anasema, "nisikie tu vile munasemaka. Juu ya kucheka." Nikamfundisha. Tulicheka kweli, ile sauti ya mvua ilimfanya ateme mate kwenye viazi. Nikampa salamu, nikampa asante, nikampa saaramilla. Nikampa namna wanavyoaga, maana Mmalayali hasemi "naenda". Kusema hivyo ni mkosi. Anasema poyi varaam, ninaenda nakuja. Akaipenda sana hiyo. Siku nyingine akauliza, macho kwenye kiazi, "Na ukitaka kuuliza mutu wapi panauma, unasema aje?" Nikamfundisha pia, evideyaanu vedana, nikamsahihisha mpaka ikatoka safi. Niliona fahari. Mwalimu anataka nini zaidi?

Akaanza kukohoa. Aliniambia amekwenda kupigwa picha ya kifua, daktari amesema ni baridi. Nikamchemshia tangawizi, nikampa asali ambayo tonton, mjomba wangu, alikuwa ameileta kutoka Walungu na ambayo hata mimi sikuwa nimeionja. Alikunywa kikombe kizima, akasema kifua kimefunguka.

Nilijua siku walipobadilisha lugha. Nilikuwa naingia na sufuria ya kanji, na masera walikuwa mezani wakiongea Kimalayalam kama kila siku. Nilipovuka mlango, Mère Rosamma akaninyooshea macho na mazungumzo yote yakahamia Kihindi. Yeye alikuwa amefanya kazi miaka mingi kaskazini mwa India, na wengine walikijua cha shule. Mimi sikukijua kabisa. Nikasimama na sufuria yangu. Ndugu zangu, kuna kufungiwa mlango, na kuna kufungiwa mlango na mtu aliyekupa ufunguo. Lugha ile ya jikoni walikuwa wamenifungulia wenyewe, neno kwa neno, na sasa wamehama chumba wakaniacha nimekaa humo peke yangu. Lakini walisahau kitu kimoja. Mhindi akisema lugha yake yoyote hutia Kiingereza ndani, na Kiingereza chao mimi nilikijua kwa viungo vyake vyote. Nikagawa kanji polepole. Nikasikia admission. Nikasikia pasporrt, na R yake ikibingirika. Nikasikia medical, chest x-ray, all clear. Mimi hakuna aliyewahi kunipiga picha ya kifua. Nilimwaga uji kwenye kitambaa cha meza, na Masera Lissy, bila kunitazama usoni, akasema, "Saaramilla, mole."

Nikamsubiri Masera Lissy nje, kwenye kamba ya nguo. Nikamwuliza kwa Kimalayalam, kwa sababu nilitaka ajibu kwa lugha aliyonipa: nani anakwenda? Alikunja shuka, akalikunjua, akalikunja tena. Akasema Mère alikuwa amekwisha kuandika jina langu. Ni yeye, Lissy, aliyekwenda kumwomba alibadilishe. "Simi-mole, ukienda wewe, nani atatusemea? Mwingine hatumpati. Wamama hawa wanakuamini wewe. Odette ni msichana mzuri, na hapa hatumhitaji kwa kitu. Wewe utakwenda mwaka ujao." Alikuwa anasema kwa upole, na machozi yalikuwa karibu, nadhani ya kweli. Nikamwambia, "Uliniambia nijifunze ili niende." Akasema, "Ndiyo, na umejifunza vizuri mno." Hivyo ndivyo alivyosema. Kama ningekuwa mvivu, kama ningetafsiri mdudu na minyoo mpaka mwisho, ningepanda ndege. Niseme tu kwamba huo mwaka ujao haukuja. Nyumba ilifungwa, wakahamishiwa nchi nyingine, bustani ikageuzwa baa.

Nilikimbia kwa kina Odette. Alikuwa anapiga pasi, gauni jipya la buluu, na aliponiona aliweka pasi kando taratibu kama mtu aliyekuwa akinisubiri. Nilimwuliza tangu lini. Akasema tangu wakati wa viazi. Nikamwuliza, "Na kikohozi?" Akatazama chini. "Sikukuwaka na kikohozi." Nikamwambia nilimpa asali ya tonton. Hilo ndilo lililonitoka kinywani, asali, kati ya yote niliyokuwa nayo ya kusema! Odette akaanza kulia, na akilia alikuwa mzuri zaidi. "Nsimire, masera njo baliniita. Miye sikuomba. Na safari hatusemake, ata kwa ndugu. Weye mwenyewe unajua. Ningekuambia, ungesikia mubaya, na moyo ya mutu ikisikia mubaya inafunga njia." Nikasema, "Mimi nilikuambia yangu." Akafuta machozi kwa gauni lile la buluu. "Ni kweli," akasema. "Haukupaswa."

Nilitaka kupiga kelele mtaa mzima usikie. Nikapiga. Na nani alinisikia? Hakuna aliyewahi kujua kwamba nafasi ile ilikuwa yangu, maana tulikuwa tumeificha vizuri, mimi na mama, kwa hofu ya wenye wivu. Niliposema, watu walitazamana. Mama mmoja wa kwaya akanishika bega. "Mwanangu, wivu ni mubaya. Muombee mwenzako." Padri naye akasema kitu cha namna hiyo hiyo, kwa maneno marefu zaidi. Kimya nilichokiweka kunilinda ndicho kilichokula ushahidi wangu wote. Na yule mmoja niliyemwambia, shahidi wangu pekee duniani, ndiye alikuwa anafunga sanduku. Mama yangu alisema tu, "Aksanti ya punda ni mateke," akaendelea kuchambua maharagwe. Odette aliondoka kupitia mpaka wa Ruzizi alfajiri ya Jumapili. Nilisikia kwamba aliwaaga masera kwa poyi varaam, na kwamba Mère Rosamma alivutiwa sana na matamshi yake.

Mtaniuliza kwa nini niliendelea kufanya kazi pale. Nami najiuliza. Nadhani ni kwa sababu ya ule mwaka ujao. Mtu aliyeahidiwa ni mgonjwa wa aina yake. Na wale wamama walikuwa wanakuja asubuhi na kuuliza, "Yuko wapi ule mutoto anatusikiaka?" Nilikaa kwenye kiti changu kati ya pande mbili. Masera Lissy alizidisha wema, alinipaka mafuta nywele, alinipa kipande kikubwa cha samaki. Sikumwita tena kwa jina. Nilitafsiri nilichoambiwa nikanyamaza.

Halafu simu ikaja. Ilikuwa mchana, mvua inapiga mabati, mimi niko jikoni naosha bakuli. Masera Lissy akaniita mbio. Simu ya mkononi ya Mère, ambayo hatukuruhusiwa kuigusa, ilikuwa imelala mezani, sauti imefunguliwa yote, na ndani yake kulikuwa na mwanamke wa Kerala anafoka na mtu mwingine analia. Anayelia alikuwa Odette. Anayefoka alikuwa mkuu wa wauguzi wa shule. Msichana wenu haelewi kitu, alikuwa anasema. Anajua kuuliza mgonjwa wapi panauma, anatamka vizuri kuliko watoto wetu, halafu mgonjwa akimjibu anatikisa kichwa na kusema saaramilla. Juzi amemwambia hivyo mtu aliyefiwa. Nitamrudisha wiki hii. Masera Lissy alikuwa anataka kujua ukweli kutoka kwa Odette, na Odette kwa fadhaa alikuwa amepoteza hata Kiingereza kidogo alichokuwa nacho, anasema Kiswahili tu. Nikavuta kiti. Nilikaa mahali pangu pa kila siku, kati yao.

"Nsimire? Ni weye?" Odette akalia. "Niambie banasema nini, niko nakufa huku!" Nikamwambia wanasema haelewi, wanataka kumrudisha. Akasema wamwongezee muda, anajifunza usiku na mchana, asirudishwe, aibu itamwua mama yake. Niliyapeleka maneno yake jinsi yalivyokuwa, na aibu ya mama yake nikaiweka kwa Kimalayalam kinachogusa moyo, kwa sababu ndivyo kazi inavyofanywa. Kisha yule mkuu wa wauguzi akauliza, sauti imeshuka, imekuwa ya udadisi: huyu anayesema ni nani? Ni mtu wa huko? Anasema hivi, na hajawahi kufika kwetu? Sasa kwa nini hamkumtuma huyu?

Mungu wangu, moyo wangu ulivyoruka. Nakiri niliuona mlango mzima umefunguka, nikaona hata viatu nitakavyovaa. Nilimtazama Masera Lissy. Aliinama kwenye simu, mkono mmoja ameuweka begani kwangu, na safari hii hakujisumbua kuhamia Kihindi. "Huyu?" akasema kwa Kimalayalam. "Velakkaari. Ni mtumishi wetu wa jikoni tu, hakusoma."

Mkono wake ulikuwa bado begani kwangu, una joto. "Nsimire?" Odette akaita kutoka kule mbali. "Bananyamaza juu ya nini? Banasema nini?"

Nikamtafsiria. "Banauliza juu ya nini habakunituma miye. Masera Lissy anajibu asema niko boyi wa jikoni, sikusoma." Nikamwambia, "Odette, diploma tulipata siku moja. Yule mama iko pembeni yako, anasikia Kiingereza. Ile neno moja tu unaweza kuisema, asema tulisoma pamoja. Umwambie."

Alikuwa ameacha kulia. Nilisikia mvua ya kwetu juu ya mabati, na katika simu nikasikia gari likipiga honi, mahali fulani Kerala, kwenye barabara niliyokuwa nimejifunza majina ya vitu vyake vyote.

"Nsimire," akasema polepole. "Ubaulize kama nitabaki."

Nikawauliza, kwa Kimalayalam kisicho na kosa hata moja, na wakakubali abaki.